Kipimo Rahisi Kilichochelewa: Mkojo, Nepi na Ugonjwa wa Fenilketonuria

Jina fenilketonuria lina mkia unaojieleza. Silabi zake za mwisho, -uria, zinatokana na neno la Kigiriki la mkojo, na maana yake ni kwamba kitu kisichotarajiwa kimeonekana katika mkojo wa mtu. Ugonjwa wenyewe hauko kwenye mkojo. Kasoro iko kwenye ini, na madhara yake yako kwenye ubongo. Tena siku hizi, pale ambapo watoto wachanga hupimwa ugonjwa huu, hupimwa kwa damu. Hata hivyo jina limebaki kama lilivyo. Sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba neno huweza kuhifadhi historia ambayo watumiaji wake wameshaisahau, na hili ni mojawapo.

Katika insha hii ninakusudia kueleza jinsi mkojo ulivyoingia katika jina hilo na kwa nini hatimaye uliachwa. Hoja yangu ni kwamba kipimo cha mkojo kilikuwa rahisi kweli kwa yule anayepima, lakini hakikuendana na saa ya mtoto anayepimwa, na kwamba ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla tofauti hiyo haijapewa uzito. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na Historia hapa Uganda, si wa tiba, kwa hiyo kemia nitaieleza kwa kiasi kile tu ambacho historia inakihitaji.

Nianze na ugonjwa. Tunapokula maziwa, mayai, nyama au maharage, protini iliyomo huvunjwavunjwa kuwa asidi amino. Mojawapo huitwa fenilalanini. Mwili huihitaji kidogo, na ile inayozidi hugeuzwa na ini kuwa asidi amino nyingine iitwayo tairosini. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kimoja. Mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama hana kimeng'enya kinachofanya kazi ipasavyo. Fenilalanini hujaa katika damu yake na kuudhuru ubongo unaokua. Akiwa tumboni hana shida, kwa sababu mwili wa mama humsafishia damu. Huzaliwa mzima, mzuri, pengine mwenye nywele na ngozi nyeupe kuliko ndugu zake, na madhara huanza pale anapoanza kunyonya. Chakula chake cha kwanza ndicho kinachomdhuru. Ugonjwa huu ni nadra. Huko Ulaya na Marekani huonekana kwa takriban mtoto 1 kati ya 10,000, na kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara ni nadra zaidi.

Kabla ya mwaka 1934 hakuna aliyejua kwamba kuna ugonjwa kama huo. Watoto waliokuwa nao walihesabiwa pamoja na wengine wote waliokuwa na ulemavu wa akili, na wengi walifungiwa katika taasisi kubwa nje ya miji. Huko Norway alikuwako mama mmoja, Borgny Egeland, ambaye watoto wake wawili, Liv na Dag, walikuwa wamezaliwa wazima kisha wakadumaa kiakili. Liv aliweza kutembea kwa shida na kusema maneno machache. Dag, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 4, hakuweza kutembea wala kusema. Mama alizunguka kwa madaktari. Kila mahali aliuliza maswali mawili: kwa nini watoto wake wako hivyo, na kwa nini wananuka harufu fulani ya uvundo ambayo haitoki hata wakiogeshwa. Swali la kwanza lilimfanya ahurumiwe. La pili lilimfanya aonekane msumbufu.

Hapo ndipo ninapoona mwanzo wa kweli wa historia hii. Vitabu humpa heshima ya ugunduzi profesa, na profesa anaistahili, lakini taarifa iliyoongoza kwenye mkojo ilitoka kwa mtu aliyefua nguo za watoto na kuwalaza kila usiku. Harufu ilikuwa dalili, na aliyeisisitiza kwa miaka kadhaa ni yeye.

Mwaka 1934 watoto hao walifika kwa Asbjørn Følling, daktari wa Oslo ambaye pia alikuwa amesomea kemia. Aliwachunguza, hakuona la ajabu, kisha akapima mkojo kama ilivyokuwa desturi. Kati ya vipimo vyake kimoja kilikuwa cha kloridi ya chuma. Madaktari wa wakati ule walikitumia kwa wagonjwa wa kisukari: ukidondosha matone machache katika mkojo wenye aina fulani za ketoni, rangi hugeuka nyekundu ya kahawia. Usipokuwa na kitu, mkojo hubaki na unjano wake. Mkojo wa Liv uligeuka kijani kibichi kilichokolea, na baada ya dakika chache rangi ikafifia. Mkojo wa Dag nao ukafanya vivyo hivyo.

Følling hakuwa amewahi kuona rangi hiyo, wala haikuwamo vitabuni. Jambo la kwanza alilolifanya linapendeza kwa jinsi lilivyo la kawaida. Alimwambia mama aache kuwapa watoto dawa yoyote kwa muda, kisha alete mkojo tena. Dawa kama aspirini huweza kubadili rangi ya kipimo kile, na yeye hakutaka kugundua ugonjwa mpya ambao kumbe ni kidonge. Rangi ya kijani ikarudi. Ndipo akamwomba mama aendelee kuleta mkojo, na mama akaleta lita baada ya lita. Kwa kazi ya subira Følling alitenganisha kitu kilichokuwa kikitoa rangi, akapata fuwele, akapima viwango vya kaboni, haidrojeni na oksijeni ndani yake, na kufikia kwamba ni tindikali ya fenilpiruviki. Ili kuwa na hakika, alichanganya fuwele zake na tindikali hiyo iliyokwisha kujulikana, akaupasha mchanganyiko moto. Vitu viwili tofauti vikichanganywa, kwa kawaida huyeyuka kwenye joto la chini zaidi kuliko kila kimoja peke yake. Mchanganyiko wake uliyeyuka kwenye joto lile lile. Vilikuwa kitu kimoja.

Kisha alitoka maabara na chupa yake ya kloridi ya chuma, akapima mkojo wa watu 430 wenye ulemavu wa akili katika taasisi na shule za eneo la Oslo. Wanane waligeuza rangi kuwa kijani. Pamoja na Liv na Dag wakawa kumi, na miongoni mwao walikuwamo ndugu wa familia moja, jambo lililoonyesha kwamba ugonjwa ni wa kurithi. Makala yake ilitoka mwaka huo huo katika jarida la kemia ya mwili la Ujerumani.

Jina alilouita ugonjwa huo lilikuwa na neno la Kilatini la upumbavu. Sikushangaa nilipoliona, kwa kuwa hata Kiswahili chetu bado kina maneno ya aina hiyo, taahira na punguani, ambayo watu huyatumia kama matusi na wakati mwingine kama majina ya ugonjwa. Jina fenilketonuria lilikuja baadaye, likitumiwa kuanzia mwaka 1937 na Lionel Penrose, daktari wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili mjini Colchester. Kwa mtazamo wangu, badiliko hilo la jina ni hatua kubwa. Jina la kwanza lilimweleza mtu kwa alichokosa, na jina la pili lilieleza kinachotoka katika mwili wake.

Umuhimu wake unaonekana zaidi tukikumbuka ule ulikuwa wakati gani. Mwaka huo huo wa 1934, Norway ilipitisha sheria ya kufunga uzazi, iliyoruhusu watu waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili kufungwa uzazi hata bila ridhaa yao wenyewe. Ujerumani ilikuwa na sheria yake kali zaidi. Kipimo kinachoweza kumtenga mgonjwa wa kurithi kwa matone machache kingeweza kabisa kuwa chombo cha sera hizo. Penrose alikipinga kinyume hicho kwa hesabu. Ugonjwa ukiwa kwa mtu 1 kati ya 10,000, basi wanaobeba jeni moja yenye kasoro bila kuugua ni takriban mtu 1 kati ya 50. Kuwafunga uzazi wagonjwa wachache hakungeondoa jeni hizo, na kuwafunga wabebaji wote kungekuwa kuwaonea watu wazima wengi mno kwa ajili ya kuzuia wagonjwa wachache. Mwaka 1946 alifanya hoja hiyo kuwa mada ya mhadhara wake mjini London. Mkojo wa kijani, mikononi mwake, ukawa ushahidi dhidi ya sera ile.

Hata hivyo, kwa karibu miaka 20 kipimo hiki hakikumsaidia mgonjwa hata mmoja kupona. Kilijibu swali la mama Egeland, hakikumpa tiba. Kilichobadilisha mambo ni lishe, na hapo tena yuko mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya watoto ya Birmingham, Horst Bickel alikuwa amempata kwa kipimo cha mkojo mtoto mdogo aitwaye Sheila, asiyeweza kusimama wala kusema, aliyekuwa akijigonga kichwa. Mama yake hakuridhika na jibu kwamba ugonjwa una jina lakini hauna dawa. Alirudi tena na tena kuuliza ni lini watamtafutia mwanawe kitu. Bickel na wenzake, John Gerrard na Evelyn Hickmans, wakisaidiwa na wazo la Louis Woolf wa London, walitengeneza chakula cha protini ya maziwa iliyovunjwa na kupitishwa kwenye mkaa ili fenilalanini iondoke. Mtoto akaanza kutambaa, kusimama, kutazama watu. Ili kuthibitisha kwamba ni lishe na si bahati, walirudisha fenilalanini katika chakula chake kwa siri. Mama aliona mwanawe akirudi nyuma kabla ya kuambiwa lolote. Walichapisha matokeo mwaka 1953. Ni jaribio lililothibitisha tiba, na pia ni jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa.

Sheila hakupona kabisa. Ubongo uliokwisha kudhurika haukurudi ulivyotakiwa kuwa. Funzo lilikuwa wazi kwa madaktari: lishe inafaa ikianza mapema sana, katika wiki za mwanzo. Sasa kipimo kile cha mkojo, ambacho tangu Følling kilitumiwa kwa watu ambao tayari wameathirika, kilihitajika kwa watoto ambao bado wanaonekana wazima.

Mkojo wa mtoto mchanga unapatikana wapi? Kwenye nepi. Mwaka 1957 Willard Centerwall, daktari wa watoto huko California, alieleza njia ya kudondosha kloridi ya chuma moja kwa moja kwenye nepi iliyolowa. Doa la kijani likitokea, mtoto apelekwe kuchunguzwa zaidi. Muda mfupi baadaye kampuni ya Ames ya Marekani ikatoa kijikaratasi kiitwacho Phenistix, chenye dawa iliyokaushwa kwenye ncha, ambacho kiligusishwa kwenye nepi na kulinganishwa na rangi zilizochapwa pembeni. Shangazi yangu ni mkunga katika kituo cha afya, na kila siku ya kliniki huchovya vijikaratasi vya jamii hiyo katika mkojo wa wajawazito ili kuangalia protini na sukari. Nilipomsomea maelezo ya Phenistix alisema kazi ni ile ile, tofauti ni kwamba wake hahitaji kukamua nepi.

Uingereza ilikipokea kipimo hiki kwa moyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wauguzi wanaotembelea familia walibeba vijikaratasi hivyo nyumba kwa nyumba, mtoto akiwa na umri wa wiki chache. Hakuna sindano, hakuna maabara, hakuna mtoto anayelia, na jibu hupatikana mbele ya mama. Nikisoma sifa hizo nasikia namna tunavyosifiwa miradi mingi ya afya hapa kwetu: rahisi, nafuu, hauhitaji mtaalamu.

Tatizo lilikuwa ndani ya kemia yenyewe. Kitu kinachotoa rangi ya kijani si fenilalanini. Ni tindikali ya fenilpiruviki, ambayo mwili huanza kuitengeneza kwa wingi baada ya fenilalanini kupanda sana katika damu, na mwili wa mtoto mchanga bado haujawa hodari wa kuigeuza hivyo. Kwa hiyo damu inaweza kuwa na sumu tangu siku za kwanza za kunyonya huku mkojo ukiwa safi kwa wiki kadhaa. Ukipima mapema, kipimo kinasema hakuna kitu. Ukisubiri hadi mkojo uonyeshe, umepoteza wiki ambazo lishe ingezitumia. Hapo hakuna muuguzi wa kulaumiwa, wala mama aliyechelewesha kliniki. Mkojo hutoa habari za jambo lililokwisha kutokea. Zaidi ya hayo nepi huenda ilikuwa imekauka, rangi ilikuwa imefifia kama Følling alivyoona mwanzoni, au jicho lilikuwa limechoka.

Familia zilizoumia zaidi ni zile zilizoambiwa kwamba mtoto amepimwa na yuko salama. Mama Egeland alijua kwamba kuna kitu hakiko sawa, akaendelea kuuliza. Mama aliyeonyeshwa kijikaratasi kisichobadilika rangi alikuwa na sababu ya kuacha kuuliza, na mwanawe alipochelewa kukaa au kusema, alikuwa na jibu rasmi la kumtuliza. Jibu la uongo lililotolewa kwa nia njema liliondoa ile silaha pekee ambayo historia yote hii ilikuwa imeitegemea, yaani mashaka ya mama.

Njia nyingine ilitoka kwa mtu aliyekuwa na sababu za kifamilia. Robert Guthrie, mtaalamu wa bakteria wa Buffalo, New York, alikuwa na mtoto wa kiume mwenye ulemavu wa akili, na baadaye mtoto wa shemeji yake akagunduliwa kuwa na fenilketonuria akiwa amepita umri wa mwaka mmoja, wakati madhara yalikuwa yameshatokea. Kabla ya hapo daktari mwenzake alikuwa amemwomba njia nyepesi ya kupima fenilalanini katika damu ya watoto walioko kwenye lishe. Guthrie alitumia bakteria. Aliwaotesha kwenye sahani yenye kitu kinachowazuia kukua, na ambacho fenilalanini inaweza kukishinda nguvu. Tone la damu kutoka kisigino cha mtoto liliwekwa kwenye karatasi ya kuchujia, likakauka, kisha kipande kidogo cha mviringo kikakatwa na kuwekwa juu ya sahani. Penye fenilalanini nyingi, bakteria waliota na kuizunguka karatasi kama duara. Katika taasisi moja alikoijaribu, njia hii iliwapata wagonjwa ambao kipimo cha mkojo kilikuwa kimewapita.

Damu ilipimwa siku chache tu baada ya mtoto kuzaliwa. Katika majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipimwa watoto takriban 400,000 katika majimbo 29 ya Marekani, na 39 wakapatikana na ugonjwa. Jimbo la Massachusetts lililazimisha kipimo kwa sheria mwaka 1963. Si madaktari wote waliofurahi. Baadhi walisema haifai kulazimisha kwa sheria kipimo ambacho lishe yake bado haijaeleweka vizuri, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Uingereza ilichelewa kuacha nepi zake. Mwaka 1968 kikundi cha wataalamu cha Baraza la Utafiti wa Tiba kilipolinganisha njia hizo mbili, ilionekana kwamba kipimo cha mkojo kilikuwa kikiwakosa watoto wengi, na kuanzia mwaka uliofuata damu ikachukua nafasi yake.

Wapo wanaosema kwamba Guthrie alileta kipimo kigumu zaidi mahali pa kile rahisi. Sikubaliani nao. Alihamisha ugumu kutoka nyumbani kwa mtoto hadi maabara, na kilichowezesha uhamisho huo ni karatasi. Mkojo huharibika na chupa humwagika. Tone la damu lililokauka husafiri katika bahasha.

Karatasi hiyo ndiyo sehemu ya historia hii iliyofika Uganda. Kwetu hakuna mpango wa kitaifa wa kupima fenilketonuria, na kwa uchache wa ugonjwa huo hapa si ajabu. Lakini damu ya watoto waliozaliwa na mama wenye VVU huchukuliwa kisiginoni, hukaushwa kwenye kadi ya aina hiyo, na kubebwa kwa pikipiki kutoka vituo vya afya kuelekea maabara kuu Kampala. Watafiti waliziona kadi hizo zilizokwisha kutumika, wakazipima upya kwa ugonjwa mwingine wa kurithi, ule ambao kwetu si nadra hata kidogo: selimundu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 walipima sampuli 97,631 kutoka wilaya zote za nchi. Wabebaji wa jeni walikuwa 13.3% na wagonjwa wenyewe 0.7%, na katika wilaya kadhaa wabebaji walizidi 20%. Hakuna mtoto hata mmoja aliyechomwa sindano kwa ajili ya hesabu hiyo.